Je, Hesabu Hufurika? Maelezo juu ya Istilahi Moja ya Tarakilishi

Neno "kufurika" ndilo linalotujia upesi tunapotaka kueleza namba kamili inapopita kikomo cha nafasi iliyotengewa katika tarakilishi. Katika makala haya mafupi tunakusudia kuonyesha kwamba neno hilo laeleza nusu tu ya jambo, na kwamba nusu iliyoachwa ndiyo inayomtatiza fundi. Mfano wetu ni Linux.

Kiini cha mfumo endeshi ni ile sehemu ya ndani inayogawa muda, kumbukumbu na vifaa kwa programu nyingine zote. Kiini cha Linux hupima muda kwa kuhesabu mapigo. Katika tarakilishi za biti 32 zilizopangiwa mapigo 100 kwa sekunde, hesabu hiyo ina nafasi 4,294,967,296 tu, nazo humalizika baada ya siku 497 hivi. Pigo linalofuata halimwagiki nje kama maji ya mto. Hesabu yote hurudi sufuri.

Tuseme hesabu imefika 4,294,967,000, na sehemu fulani ya kiini yataka kusubiri jibu la diski kwa mapigo 500, yaani sekunde 5. Jumla yapita kikomo, na kinachoandikwa ni 204. Kiini kikijiuliza kama hesabu ya sasa ni kubwa kuliko 204, jibu ni ndiyo, nacho hutangaza kwamba muda umekwisha ilhali hata pigo moja halijapita. Diski isiyo na kasoro huhesabiwa kuwa mbovu. Mtambo ukizimwa na kuwashwa, kosa hutoweka. Je, fundi angoje siku 497 nyingine?

Waandishi wa Linux walitumia njia mbili. Kwanza, waliifanya hesabu ianzie dakika 5 kabla ya kikomo, ili kosa lililojificha lifichuke mapema. Pili, badala ya kulinganisha ukubwa wa namba, kiini hutoa moja katika nyingine na kutazama kama tofauti ni hasi au chanya.

Njia hii ya pili si ngeni kwa Mswahili. Msafiri akipanda basi Mombasa saa kumi na moja alfajiri, akashuka Voi saa mbili asubuhi, hakuna atakayedai kwamba alishuka kabla ya kupanda kwa kuwa mbili ni ndogo kuliko kumi na moja. Twatazama umbali baina ya saa hizo, si ukubwa wake. Kanuni hii yafaa mradi umbali usizidi nusu ya mzunguko: saa sita kwetu, siku 248 kwa mtambo.

Jambo hili si la mzaha. Mwaka 2015 mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani iliamuru umeme wa ndege za Boeing 787 uzimwe kila baada ya muda, kwani kihesabio katika vidhibiti vya jenereta kingepita kikomo baada ya siku 248 mfululizo, na ndege ingeweza kupoteza umeme wake wote wa mkondo geu hata ikiwa angani.

Kwa hiyo twapendekeza "kufurika" libakie kwa tendo la kupita kikomo, na "mrejeo" litumike kwa hesabu inayorudi mwanzo. Anayeambiwa "kufurika" hutafuta kilichomwagika. Anayeambiwa "mrejeo" hutafuta ulinganisho uliokosewa, na hapo ndipo kosa lilipo.