Jiji lafurika watu, jaa ni lile lile

Jaa la Dandora lilipofunguliwa mwaka wa 1975, Nairobi haikuwa imefikisha watu milioni moja. Hata miaka minne baadaye, hesabu ya 1979 ilipata wakazi 827,775 pekee. Ile ya 2019 ilipata 4,397,073. Watu wameongezeka zaidi ya mara tano, lakini takataka zao zingali zinapelekwa pale pale, kwenye timbo kuu kuu la mawe lenye ukubwa wa ekari 30 hivi.

Mwaka wa 2001 ilitangazwa kwamba jaa hilo limejaa. Kujaa kwake hakukuzuia lori. Kile kilichokuwa shimo sasa ni mlima.

Hebu piga hesabu ya nyumbani kwako, msomaji. Jiji hutoa zaidi ya tani 2,000 za taka kwa siku. Ukizigawa kwa wakazi wote, kila mtu anapata kama nusu kilo, mtoto mchanga na nepi zake akiwemo. Jamaa ya watu sita basi ina kilo tatu za kutupa kila jioni, na kesho yake kilo nyingine tatu.

Wako wanaosema kwamba shida ni watu kuzaana ovyo. Mimi naona huo ni nusu ya ukweli. Wengi wa walioijaza Nairobi hawakuzaliwa hapa. Walipanda basi kutoka mashambani wakitafuta kazi au karo ya watoto. Tena mpangaji wa chumba kimoja Mukuru hatupi vingi kama mwenye jumba Karen, ambaye kila wiki ana makopo, chupa, makasha na vifaa vya umeme vilivyoharibika. Tofauti ni kwamba lori la taka hufika kwa huyu wa Karen. Mukuru, hata njia ya kupitisha lori ni taabu.

Taka isiyochukuliwa haikai mahali. Huchomwa kando ya nyumba, huziba mitaro, na mvua ikinyesha huteremka mtoni. Mathare, Korogocho na Mukuru imejengwa kandokando ya mito, na mabanda yasiyo na mabomba ya maji machafu hayana mahali pengine pa kumwaga uchafu wa choo. Mito ya Ngong na Mathare huungana na mto Nairobi, nao hutiririka hadi Athi, na mwisho wa safari ni Bahari Hindi, karibu na Malindi, ambako mto huo huitwa Sabaki. Kumbuka kwamba jina Nairobi lilitokana na maneno ya Kimaasai yanayotaja maji baridi! Kando ya maji hayo hayo leo kuna watu wanaopanda sukuma wiki, na mboga hizo huishia sokoni kama nyingine.

Lakini gharama kubwa zaidi iko ndani ya miili ya watoto. Mwaka wa 2007, Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, ambalo makao yake yako Gigiri humu humu jijini, lilitoa ripoti ya uchunguzi wa watoto 328 wanaoishi na kusoma karibu na jaa la Dandora. Nusu yao walikuwa na madini ya risasi katika damu kupita kiwango kilichokubaliwa wakati huo. Risasi hutoka katika betri, rangi na vifaa vya umeme vinapooza au kuchomwa. Humdhuru mtoto ubongoni, akawa mzito wa kujifunza, na mzazi akadhani ni uvivu. Madaktari sasa wanasema hakuna kiwango cha risasi kisicho na madhara.

Hatua zimekuwapo. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Agosti 28, 2017, na anayeitengeneza anaweza kutozwa faini ya hadi shilingi milioni 4. Sheria ya 2022 inataka taka zitenganishwe nyumbani. Hilo lina maana kubwa, kwani zaidi ya nusu ya taka za Nairobi ni maganda, majani na mabaki ya chakula, vitu vinavyoweza kuwa mbolea. Lakini mama akitenganisha maganda na plastiki kisha kijana wa mkokoteni avichanganye tena, kazi yake imekwenda bure.

Na jaa lihamie wapi? Palipotajwa Ruai, wasimamizi wa viwanja vya ndege walipinga, wakihofia kwamba ndege wanaofuata taka wangehatarisha ndege za abiria. Mwaka wa 2021 mahakama iliamuru jaa la Dandora lifungwe katika muda wa miezi sita. Miezi hiyo ilipita, na lori zingali zinapanda ule mlima.