Mabirika ya Mayungiyungi katika Bustani za Miji (Sehemu ya Pili)

Katika sehemu ya kwanza tuliwaacha Wamisri wa kale kando ya mabirika yao ya pembe nne, samaki ndani na mayungiyungi juu. Leo tuziruke karne nyingi tufike Ulaya, ambako ua hili, ambalo sisi watu wa Kaniama tukipanda gari la moshi hadi Bukama na kuufuata Lualaba mpaka maziwa ya Kisale na Upemba twalikuta limetanda pasipo kupandwa na mtu, liligeuka kuwa anasa ya matajiri na mashaka ya watunza bustani.

Mashaka hayo yalianza na jani moja. Mwaka 1837 Robert Schomburgk alikuta mtoni, huko Guyana, yungiyungi ambalo jani lake hupita mita mbili upana, na Waingereza wakalipa jina la malkia wao mpya, Victoria. Mbegu zilipofika kwao, mimea iliota lakini haikukubali kuchanua hata Novemba 1849, Joseph Paxton, mtunza bustani wa Chatsworth, alipoujengea mmoja birika la maji yaliyopashwa moto kwa mabomba na kutikiswa daima na gurudumu dogo, ili udhani umo mtoni kwao. Jani likamchukua binti yake mdogo, aliyesimamishwa juu yake, wala lisizame. Paxton alilipindua akaichunguza mishipa ya chini, minene ikitoka katikati na myembamba ikikingama kati yake, na hikma ile akaitumia katika jumba la vioo na chuma la Maonyesho ya London ya 1851.

Wabelgiji hawakutaka kupitwa. Mwaka 1854 Alphonse Balat alilijengea ua hilohilo nyumba ya vioo mjini Brussels, katika bustani ya wanyama ambayo mahali pake leo ni Parc Léopold. Nyumba hiyo ikahamishwa mara mbili, na sasa iko Meise. Balat huyuhuyu ndiye aliyemjengea Mfalme Leopold wa Pili majumba ya vioo ya Laeken, kuanzia 1874 hadi 1895, na mojawapo likaitwa jumba la Kongo. Naam, joto letu lilitengenezwa kule kwa makaa ya mawe, katika miaka ileile ambayo nchi yetu ilikuwa milki ya mtu mmoja.

Lakini starehe ya makaa haikuweza kuwafikia watu wa kawaida. Aliyeyatoa mayungiyungi katika vioo akayaweka wazi ni Mfaransa, Joseph Bory Latour-Marliac wa Temple-sur-Lot, aliyefungua kitalu chake mwaka 1875. Yungiyungi linalostahimili baridi ya Ulaya lilikuwa jeupe tu. Yeye akalichanganya na ya nchi nyingine, hata akapata mekundu na ya manjano yasiyohitaji tanuri. Mwaka 1889 aliyaonyesha Paris, na mchoraji Claude Monet akavutiwa nayo, akachimba kidimbwi chake Giverny mwaka 1893. Tangu hapo, bustani ya mji wowote wenye maji na jua iliweza kuwa nayo.

Afrika yetu nayo ilitoa sehemu yake: mwaka 1877 Robert Caspary alilipa yungiyungi moja la samawati iliyokoza jina la Zanzibar, na watunza bustani wa ng'ambo wakalipenda mno.

Kwetu, basi, tanuri si lazima. Linalotakiwa ni utulivu. Jani la yungiyungi hupumua kwa vitundu vya upande wa juu, na shina lake lina mirija ya kupeleka hewa hadi mizizi iliyomo matopeni. Kwa hiyo maji ya kurushwa juu, ambayo mafundi wa miji huyapenda kwa fahari, hulidhuru kwa kulilowesha kila saa. Ni kweli kwamba maji yaliyotuama huzaa mbu, na kwa nchi ya homa hilo si jambo dogo. Dawa yake ni samaki wadogo walao viluwiluwi vya mbu, kama vile Wamisri walivyofuga samaki katika mabirika yao.

Wakubwa wa miji ya Kamina na Kaniama wakitaka kupamba uwanja, nawasihi waache kwanza saruji ya chemchemi, wachimbe kidimbwi kipana chenye jua. Namna ya kuotesha mayungiyungi yake tutaieleza, inshallah, katika sehemu ya tatu.