Mfupa Mmoja Leo, Kesho Mwingine

Weka ncha za vidole viwili mbele ya sikio, kisha fungua mdomo polepole na uufunge. Kinachosogea chini ya vidole ni kichwa cha taya la chini, kikiteleza kwenye kishimo chake katika fuvu. Sasa fuata ukingo wa taya kwa vidole hadi kidevuni, upande huu na upande ule. Hukuti kiungo chochote njiani. Taya la chini la mtu mzima ni mfupa mmoja. Somo limekwisha, na maji ya chai hayajachemka.

Somo hilo dogo liliwashinda wasomi kwa zaidi ya miaka elfu. Galen, tabibu mashuhuri wa dola ya Kirumi katika karne ya pili, aliandika kwamba taya hilo ni mifupa miwili iliyounganishwa. Alikuwa akipasua nyani na nguruwe, kwa kuwa desturi ya Roma haikuruhusu kupasua maiti ya mtu. Waliomfuata walinakili. Mnamo mwaka 1200 hivi njaa kali iliikumba Misri, na tabibu Abd al-Latif al-Baghdadi akapata nafasi ya kuchunguza mifupa mingi ya watu waliokufa. Alitazama taya baada ya taya, akakuta mfupa mmoja usio na kiungo, naye akaamini macho yake kuliko kitabu. Mwaka 1543 Andreas Vesalius, akiwa na umri wa miaka 28, alichapisha mjini Basel kitabu kikubwa cha michoro ya mwili kilichosema hivyo hivyo.

Hiyo ndiyo njia ninayowaombea wasomaji wangu: kuujua mwili kwa kuugusa, sehemu moja kwa siku, kwa maneno ya nyumbani. Vitabu vya anatomia vinavyotumiwa vyuoni ni vizito, vimejaa majina ya Kilatini, na mtu wa kawaida akivifungua hurudi nyuma. Hana sababu ya kuogopa. Mtu mzima ana mifupa 206, lakini kila mkono, kuanzia kifundo hadi ncha za vidole, una mifupa 27, na kila mguu, kuanzia kifundo, una 26. Anayeshinda jioni mbili akipapasa viganja na nyayo zake amekwisha kupita juu ya mifupa 106, zaidi ya nusu ya mifupa yote. Majina ya vijifupa vinane vya kifundo cha mkono ayaache kwa wanafunzi wa udaktari. Mimi ningependa zaidi ajue bandama yake iko wapi.

Na shule ya kuanzia tunayo tayari. Aliyewahi kusaidia kupasua mbuzi wa Idd ameona koo la pumzi lenye pete za gegedu, mapafu mepesi yanayoelea majini, ini na mfuko wa nyongo unaoondolewa kwa uangalifu usipasuke. Mtoto aliyesimama hapo akitazama aambiwe aweke mkono kwenye mbavu zake mwenyewe: ini lako liko huku kulia, chini ya mbavu. Ila mbuzi naye ana mipaka. Tumbo lake lina vyumba vinne, la mtu lina kimoja. Chini ya ubongo wake upo wavu wa mishipa midogo ya damu ambao binadamu hana. Galen aliuona kwa wanyama akadhani nasi tunao, na hata Vesalius aliukubali kwanza kabla ya kuukana.

Turudi kwenye bandama, maana ina historia yake kwetu. Imejificha kushoto, nyuma ya mbavu za 9 hadi 11, na kwa mtu mzima mwenye afya kwa kawaida haishikiki kwa mkono. Malaria inayorudi mara kwa mara huivimbisha hadi ikatokeza chini ya mbavu. Ndiyo maana wataalamu waliokutana Kampala mwaka 1950 walikubaliana kupima uzito wa malaria katika eneo kwa kuhesabu watoto wa miaka 2 hadi 9 ambao bandama zao zinashikika. Wakizidi nusu, eneo hilo lilihesabiwa kuwa limeelemewa. Mzazi asijaribu kuibonyeza kwa nguvu, kwani bandama iliyovimba inaweza kupasuka. Inatosha ajue mahali pake, ili akiona uvimbe upande huo ampeleke mtoto kituo cha afya.

Maumivu ya tumbo nayo yana ramani. Kidole tumbo kikianza kuwaka, mara nyingi mtu huhisi maumivu karibu na kitovu, kisha baada ya saa kadhaa yanahamia chini kulia. Mwaka 1889 daktari Charles McBurney wa New York alieleza mahali penyewe: chora mstari kutoka ncha ya mfupa wa nyonga ya kulia hadi kitovuni, halafu hesabu theluthi moja ya njia kutoka nyongani. Mgonjwa anayeweza kumwambia mganga, “Yalianza kitovuni, sasa yamehamia huku,” amempa habari ambayo neno “tumbo linauma” peke yake halibebi.

Figo, kwa upande wake, ziko juu kuliko wengi wanavyodhani, mgongoni, sehemu yake ya juu ikikingwa na mbavu za mwisho. Moyo uko nyuma ya kidari, umeelemea kushoto kidogo tu. Hili la moyo lifundishwe kila nyumba. Mtu akianguka, haitikii na hapumui, ita msaada, kisha weka viganja katikati ya kifua, nusu ya chini ya kidari, ukandamize kwa kina cha sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika.

Natamani masomo haya yafike kwenye benchi la kliniki ya wajawazito, ambako kina mama hukaa muda mrefu wakingoja zamu. Muuguzi angetumia dakika kumi tu. Wiki ya 20 kilele cha mji wa mimba hufika usawa wa kitovu. Kuelekea wiki ya 36 hukaribia kidari, kiwambo kinachotenga kifua na tumbo kinasukumwa juu, na ndiyo sababu pumzi huwa fupi. Kibofu kikibanwa, haja ndogo huja mara kwa mara. Mama aliyeelezwa hivyo, akishikishwa kilele hicho kwa mkono wake mwenyewe, ataweza kumuuliza muuguzi siku ya kupimwa: mbona mwezi huu hakijapanda?