Beringi ya ekseli ya nyuma: Usiichague kwa bei

Ni Jumapili asubuhi. Umeipakia familia ndani ya ile Datsun 120Y uliyoachiwa na mzee, na safari ni ya Naivasha. Kabla hamjaanza kuteremka bondeni unasikia mvumo kutoka nyuma, kama wa ndege iliyo mbali. Ukiongeza mwendo, nao unapanda. Mtoto anauliza, "Baba, ni nini hicho?" Unamjibu kwamba ni tairi.

Huenda ni tairi kweli. Lakini huenda pia ni beringi ya ekseli ya nyuma, na hiyo si ya kufanyiwa mzaha.

Sababu ni hii. Katika magari mengi ya zamani yanayosukumwa na magurudumu ya nyuma, kama vile Datsun 120Y, Ford Escort na Toyota Corolla za miaka ya 1970, gurudumu hufungwa kwenye kichwa cha shafti. Shafti huvishwa beringi, na beringi huzuiwa isihame kwa ringi ya chuma iliyoshindiliwa juu ya shafti kwa nguvu nyingi. Upande wa pili lipo bamba lililofungwa kwa boliti kwenye bomba la ekseli. Ringi hiyo ikiteleza, shafti huchomoka pamoja na gurudumu lake, gari likiwa mbioni. Basi ukinunua beringi, jua kwamba unanunua kinacholishikilia gurudumu.

Sikiliza kwanza

Ukikata kona ya kushoto, uzito wa gari hulalia kulia. Mvumo ukizidi hapo, ishuku beringi ya kulia. Ukikata kona ya kulia, mambo ni kinyume. Kisha inua gari kwa jeki, uliegemeze kwenye stendi imara, ulitikise gurudumu kwa juu na chini. Likicheza, au likikwaruza unapolizungusha, usiende nalo safari ya mbali.

Fungua pia drami ya breki. Ukikuta oili imelowesha ndani, sili imekufa. Oili ya difu hupenya, huosha grisi ya beringi na kuziharibu breki. Kabla ya kuilaumu sili, angalia tundu dogo la kupumulia lililo juu ya bomba la ekseli. Likizibwa na matope, joto huisukuma oili nje kupitia sili, hata ikiwa mpya.

Aina tatu

Ya kwanza ni beringi ya gololi. Hii hubeba uzito wa gari na pia msukumo wa kando unapokata kona, tena wa pande zote mbili. Ikiwa imefungwa kwa mipira yake, huja na grisi yake na haihitaji kurekebishwa. Ndiyo iliyomo katika magari tuliyoyataja, na kwa gari la kwenda kazini na kanisani inatosha kabisa.

Ya pili ni ya rola nyembamba upande mmoja na nene upande wa pili. Ina nguvu zaidi dhidi ya msukumo wa kando, lakini lazima nafasi yake ipimwe na kurekebishwa. Ikibanwa mno huungua. Ikilegea gurudumu hucheza.

Ya tatu ni ya rola zilizonyooka. Hubeba uzito mkubwa, ila aina inayotumiwa kwenye ekseli haizuii shafti kutoka. Gari lenye beringi hii huwa na kizuizi kingine ndani ya difu.

Kwa hivyo usibadili aina kwa sababu fundi amesema nyingine ni "ya rali". Gari la mashindano huundwa upya ekseli nzima, si beringi tu.

Soma namba

Chukua beringi kuukuu mkononi uende nayo dukani Kirinyaga Road. Usiseme tu, "Nipe ya Escort." Soma namba iliyochongwa. Tuseme ni 6306. Tarakimu mbili za mwisho, 06, zidishe kwa 5: tundu lake ni milimita 30. Kipenyo cha nje ni 72 na unene ni 19. Sasa linganisha na 6207: nje ni 72 vilevile, lakini tundu ni 35 na unene ni 17. Kwa macho zinafanana, lakini moja haiwezi kukaa mahali pa nyingine.

Baada ya namba huja herufi. 2RS maana yake ina mipira pande zote mbili. ZZ ina vifuniko vya bati. C3 maana yake ina nafasi zaidi ndani, ili isibane inapopata joto. Fuata kitabu cha gari. Namba isipopatikana katika orodha, pima tundu, kipenyo na unene kwa kalipa.

Beringi ghushi zipo, ijapokuwa Kenya ina sheria dhidi ya bidhaa ghushi tangu 2008. Maandishi yaliyofifia, boksi lenye makosa ya tahajia na bei ya kushangaza ni dalili za kukufanya urudishe pesa mfukoni.

Siku ya kufunga

Nunua pamoja ringi mpya na sili mpya. Ringi iliyokwisha kutolewa haishiki tena kama mwanzo. Fundi akitaka kuichomelea kwa welding, mkatalie: moto hudhoofisha shafti, na shafti dhaifu hukatika. Kazi hii ni ya mashine ya presi, nayo isukume ringi ya ndani ya beringi. Nyundo ikigonga ringi ya nje, gololi huacha alama, na mvumo huanza upya. Hakikisha bamba limetangulia kuvishwa, kwani likisahauliwa itabidi beringi mpya ing'olewe na kutupwa.

Na wewe kijana unayependa rimu pana zinazotokeza nje ya bodi, fahamu kwamba kadiri gurudumu linavyosogea nje ndivyo linavyoikaza beringi zaidi katika kila shimo na kila tuta.

Kabla ya kulipa, dai kuiona beringi, ringi na sili, vyote vitatu vipya, mezani. Kikikosekana kimoja, safari ya Naivasha na ingoje Jumapili nyingine.