Jina la Kukodi na Gharama za Chumba cha Mazoezi

Katika mitaa ya Kinondoni, na sasa hata Temeke, vyumba vya mazoezi ya viungo vinazidi kufunguliwa kando ya saluni na maduka ya dawa. Si jambo la kubezwa. Desemba 2016 Ndugu Samia Suluhu Hassan, aliyekuwa Makamu wa Rais wakati huo, aliwataka wananchi waitenge Jumamosi ya pili ya kila mwezi kwa mazoezi, maana kisukari na shinikizo la damu vimekwisha kubisha hodi katika nyumba nyingi.

Linalotutia shaka ni hesabu. Wastaafu wenye kiinua mgongo, na ndugu zetu wa visiwani wanaovuka bahari kutafuta riziki Dar es Salaam, hushawishiwa wakodi jina la kampuni ya ng'ambo: walipe ada ya kuingia, wanunue vifaa vilivyoamriwa, kisha watoe fungu la mapato kila mwezi. Jina kubwa si kinga. F45, kampuni ya mazoezi ya pamoja iliyoanzia Sydney mwaka 2013, iliingia soko la hisa la New York Julai 2021. Mwaka uliofuata ilipunguza takriban asilimia 45 ya watumishi wa makao yake makuu, na mwaka 2023 hisa zake zikaondolewa sokoni humo. Aliyekodi jina hubaki na pango lake na madeni yake.

Tena fungu hilo lina kodi yake. Anayelipa mrabaha nje ya nchi hutakiwa kuzuia asilimia 15 kwa ajili ya Mamlaka ya Mapato. Ikiwa mkataba unasema mwenye jina apokee shilingi milioni moja kamili, mpangaji wetu atatoa karibu milioni moja na laki moja na elfu sabini na sita. Ni wangapi huulizwa jambo hili kabla ya kutia sahihi?

Vifaa navyo hutoka bandarini na VAT ya asilimia 18. Mwenye mauzo yasiyofikia shilingi milioni 200 kwa mwaka, kiwango kilichowekwa 2023, halazimiki kujisajili kwa kodi hiyo. Lakini asiyejisajili harudishiwi ile aliyokwisha kulipa. Aliyesajili kampuni yake BPRA Unguja asidhani amemaliza, kwani Bara atakuta mlango mwingine wa BRELA, na baada yake leseni ya biashara.

Juu ya yote ni pango. Wenye nyumba aghalabu hutaka miezi sita au mwaka mzima mkononi, na pengine kilemba juu yake. Tuchukue mfano wa chumba cha shilingi milioni mbili kwa mwezi: milioni 12 zimeondoka kabla mtu mmoja hajatoka jasho. Hapo bado sakafu, vioo, maji ya kuogea, feni na umeme wa Luku. Walau kanuni za Machi 2025 zimepiga marufuku kudai malipo ya ndani kwa fedha za kigeni. Mpangaji akitajiwa dola anayo haki ya kukataa.

Na chumba hicho hujaa lini? Alfajiri kabla ya kazi, na jioni, ambapo adhana ya Maghribi hulikata darasa katikati. Mchana kutwa vyuma hulala ilhali pango halilali.

Temeke ina njia yake. Vikundi vya mbio za Jumapili hukusanyika wakiwa na fulana za rangi moja, mchango mdogo na mwalimu wa mtaani, wala havidaiwi mrabaha na mtu. Vinachohitaji ni uwanja. Wakuu wa Halmashauri watazame viwanja vya wazi vilivyobaki, wavipimie mipaka na kuvitia taa kabla havijageuzwa maegesho na fremu za maduka. Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, iliyositishwa 2023 na kurejeshwa 2024, ingeweza kuwafikia vijana wanaofundisha mazoezi, wakanunua mikeka, vyuma vichache na kipaza sauti. Maafisa wa maendeleo ya jamii wa kata ndio wanaopokea maombi hayo, na vikundi hivyo wanavijua kwa majina.