Football ya vyuo Marekani: pointi za bure, kocha bila hesabu

Kiswahili chetu kimekwisha kutumiwa kwa kazi nyingi: biashara, vita, sala, nyimbo. Lakini kazi yenye kilipewa katika iniversite moja ya Marekani, wasomaji wetu wengi hawajaisikia. Kule kilifanywa maficho, ili vijana wa football waendelee kucheza bila kusoma.

Tuseme kwanza ni football gani. Haiko ule mupira wa miguu wa Mazembe na Lupopo. Ni football ya Wamarekani, ya kofia ngumu na mabega ya kuvimbishwa, yenye mupira wa umbo la yai na mara nyingi wanaubeba mikononi. Kule, timu kubwa za vijana ni za iniversite. Viwanja vya iniversite fulani vinaingiza zaidi ya watu 100 000 siku moja ya posho, na televizyo zinalipa makuta mengi sana. Muchezaji, kwa miaka mingi, alipata bursi tu: masomo, chakula, fasi ya kulala. Mapatano yalikuwa hivi: wewe utupatie nguvu yako, sisi tutakupatia diplome.

Basi kama diplome ile haina kitu ndani, kijana ameibiwa. Na swali letu leo ni moja: nani anapaswa kujibu?

Kalasi bila mwalimu

Iniversite ya North Carolina, katika muji wa Chapel Hill, ni moja ya iniversite za Leta zenye heshima kubwa kule. Idara yake ya masomo ya Afrika na ya Wamarekani weusi iliongozwa kwa miaka mingi na profesa Julius Nyang'oro, mwenye asili ya Tanzania. Mwezi wa Oktoba 2014, Kenneth Wainstein, mwendesha mashitaka wa zamani mwenye iniversite yenyewe ilimuomba afanye anketi, alitoa ripoti yake. Alionyesha kwamba tangu 1993 mupaka 2011, wanafunzi zaidi ya 3 100 walipita katika kalasi zenye hazikuwa kalasi. Hakukuwa masaa ya kufundishwa, hakukuwa mwalimu mbele ya ubao. Mwanafunzi alileta kazi moja ya kuandika, basi. Na mwenye kuisahihisha, mara nyingi, alikuwa sekretere wa idara, Deborah Crowder. Anaangalia kidogo mwanzo na mwisho, kisha anaweka pointi za juu.

Karibu nusu ya wanafunzi wale walikuwa wachezaji, na wa football ndio walikuwa wengi kati yao.

Kiswahili kiliingia namna hii. Mwanafunzi kule alilazimishwa kusoma lugha ya kigeni mupaka ngazi fulani. Wengine wakawekwa katika kalasi ya Kiswahili, lakini Kiswahili cha karatasi: waliandika kwa Kiingereza habari za utamaduni wa Waswahili, na pointi zikahesabiwa kama za lugha. Fikiri kidogo. Mutu angeweza kupita Kiswahili bila kujua kujibu mama wa sokoni mwenye kumuuliza habari gani.

Sekretere yule alistaafu katika mwaka wa 2009. Mwezi wa Novemba wa mwaka ule, washauri wa masomo ya wachezaji waliwakusanya makocha wa football na kuwaonyesha ukutani maandishi waziwazi: zile kalasi zenye wachezaji hawakulazimishwa kuingia, wala kuandika kitu, wala kubaki macho wazi, sasa zimekwisha. Muhula ule, wastani wa timu ya football ukaanguka mupaka 2,121 kwa 4. Na bado jambo halikukatika kabisa. Wakati wa likizo ya 2011, kalasi moja ya idara ile ilikuwa na wanafunzi 19: 18 walikuwa wachezaji wa football, na wa 19 alikuwa muchezaji wa zamani.

Tusikilize vizuri maneno ya mukutano ule. Watu walisimama mbele ya makocha, wakasema: vijana wenu walikuwa wanapita bila kusoma. Habari ile ilipaswa kutoka siku ileile na kufika kwa rekta. Katika kila kazi, mukubwa mwenye kusikia kama kuna wizi nyumbani kwake na kunyamaza, anaitwa kujibu.

Nani alilipa?

Profesa Nyang'oro alishitakiwa mwaka wa 2013, juu ya dola 12 000 zenye alilipwa kwa kalasi ile ya likizo bila kufundisha. Mashitaka yakafutwa 2014 kisha yeye kusaidia anketi. Wafanyakazi wamoja wa iniversite walipoteza kazi. Kocha Butch Davis alikuwa amefukuzwa tangu Julai 2011, wakati wa anketi ingine juu ya zawadi na misaada yenye wachezaji hawakuruhusiwa kupokea. NCAA, shirika lenye kuongoza michezo ya vyuo, haikumushitaki yeye mwenyewe. Aliondoka na dola milioni 2 na laki 7 za kuvunja mukataba. Timu yenyewe, katika 2012, ilikatazwa kucheza mechi za mwisho wa musimu na kunyanganywa bursi 15 kwa miaka 3. Bursi ni za vijana, haziko za kocha.

Na kalasi za uongo? Oktoba 2017, NCAA ilisema haiwezi kuazibu, sababu kalasi zile zilikuwa wazi kwa kila mwanafunzi, haziko za wachezaji peke yao. Ni kusema, kama uongo unagawanywa kwa wote, hauko tena kosa la michezo. Sisi tunaona azabu ilizunguka nyumba yote bila kugonga mulango wenye ulipaswa kugongwa.

Haikuwa mara ya kwanza. Katika iniversite ya Georgia, mwalimu Jan Kemp alilalamika kwamba wachezaji tisa wa football walipitishwa katika 1981 wakati walikuwa wameshindwa masomo ya Kiingereza. Yeye ndiye alifukuzwa, 1983. Alikwenda mahakamani, na Februari 1986 akashinda; rekta akajiuzulu. Mwenye kusema kweli alilala njaa miaka mitatu, na vijana wale walikuwa wamekwisha kucheza mechi zao.

Mizani yenye kupima pointi

Hatuwezi kusema Wamarekani hawakufanya kitu. Leo, ili kucheza mwaka wa kwanza katika daraja la juu, kijana anapaswa kuwa na masomo 16 ya musingi ya sekondari na wastani wa 2,3 kwa 4. Tangu 2004 kuko pia hesabu ya timu nzima: kila muchezaji wa bursi analeta pointi kama amebaki chuoni, na pointi ingine kama masomo yake yanamuruhusu kucheza. Timu ikishuka chini ya 930 kwa 1 000, inaweza kukatazwa mechi za mwisho wa musimu. Na tangu 2010, NCAA inatangaza hesabu hiyo kwa jina la kocha; akihama, inamufuata.

Ni vizuri, lakini mizani ile inapima pointi, haipimi akili. Pointi za bure za Chapel Hill zingeingia ndani yake sawa na pointi za jasho. Na fimbo inachelewa. Iniversite ya Idaho ilikatazwa mechi za mwisho katika 2014, wakati kocha wa miaka mibaya alikuwa amekwisha kufukuzwa tangu 2012. Wenye walibaki kuazibiwa ni vijana, na wengine wao hawakuwako hata wakati pointi zilikuwa zinaanguka.

Lakini juu ya ushindi, hesabu haichelewi. Novemba 2023, iniversite ya Texas A&M ilimufukuza kocha Jimbo Fisher sababu timu haikushinda vile walitazamia, na mukataba ukailazimisha kumulipa zaidi ya dola milioni 75. Kocha anajua sawasawa anapimwa na nini. Mutu anafanya kazi kufuata kipimo chenye kumulisha.

Dawa si ngumu kuandika. Mwenye kuweka pointi na mwenye kushauri wachezaji wasiwe chini ya mukono wa watu wa michezo. Katika mukataba wa kocha, uongo wa masomo wenye alijua na kunyamaza ukate makuta yake ya kuachishwa. Na diplome za wachezaji wake zihesabiwe kwa majina ya masomo, ili watu waone kama wote wanasukumwa katika kalasi moja.

Na watoto wetu?

Jambo hili haliko mbali na sisi. Tshimanga Biakabutuka, muzaliwa wa Kinshasa, alikimbia yadi 313 katika mechi moja kwa iniversite ya Michigan mwaka wa 1995. Katika basketi, Dikembe Mutombo alifika Georgetown kusoma, na akatoka 1991 na diplome ya lugha na diplomasia. Kocha wake, John Thompson, aliweka katika biro yake mupira usio na upepo, ili vijana wakumbuke siku yenye mchezo utakwisha.

Tangu 2025, iniversite zimeruhusiwa kuwalipa wachezaji moja kwa moja, na wazazi wengi watasikia kwanza hesabu ya dola. Huku kwetu tunajua pointi za kununua zinazaa daktari na enjenia wa namna gani. Basi muzazi mwenye kupigiwa simu na kocha wa Marekani amuulize mambo matatu mbele ya kutia sahihi. Katika wachezaji wako wa miaka mitano iliyopita, wangapi walipata diplome? Diplome za masomo gani? Mutoto wangu akivunjika muguu, nani atalipa masomo yake mupaka mwisho? Majibu yaandikwe. Kama kocha anarudilia tu kuhesabu vikombe vyake, muzazi amwambie atapiga simu siku ingine.