Kano Iliyokatika: Upasuaji wa Miguu ya Farasi Unachoweza na Usichoweza

Farasi anapokatika kano ya mguu, mara nyingi hukumu hutolewa papo hapo kwamba mnyama huyo amekwisha. Kwa baadhi ya majeraha hukumu hiyo ni ya haki. Kwa mengine si ya haki tena, kwa kuwa upasuaji umewezesha wanyama wengi kuishi na baadhi yao kurudi kazini. Kwa upande mwingine, wapo wamiliki wanaodhani kwamba mnyama akishashonwa amepona, wakamtwisha mzigo baada ya miezi miwili. Makosa yote mawili hutokana na kutofahamu kano ni kitu gani na hupona vipi.

Chini ya goti la mguu wa mbele, farasi hana misuli ya kuzungumzia. Misuli inayoukunja mguu iko juu, na nguvu yake hushuka hadi chini kwa kano mbili ndefu zinazopita nyuma ya mguu, moja karibu na ngozi na nyingine ndani yake. Mbele hupita kano nyembamba zinazounyoosha mguu. Kano za nyuma husaidia kubeba uzito wa mwili katika kila hatua. Ile ya karibu na ngozi hutanuka na kurudi kama mpira. Farasi anapokimbia kwa kasi yake yote hurefuka kwa zaidi ya asilimia 10, karibu na kiwango cha kukatika, na joto la kiini chake huweza kufikia nyuzi joto 45 za Selsiasi.

Ndiyo maana farasi wa mashindano huumia kano hiyo bila kukatwa na kitu chochote. Nyuzi zake hukatika ndani kwa ndani, damu hujaa katikati, na mguu huvimba kwa nyuma. Denman, farasi aliyeshinda Kombe la Dhahabu la Cheltenham nchini Uingereza mwaka 2008, alistaafishwa mwaka 2011 kwa jeraha la kano.

Kwa karne nyingi tiba ya jeraha hilo ilikuwa kuuchoma mguu kwa chuma cha moto, desturi ambayo wafugaji wetu pia wanaifahamu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Bristol waliipima na kutoa matokeo yao mwaka 1983: kuchoma hakukuifanya kano ipone vizuri zaidi. Mnyama alipata maumivu na kovu la ngozi tu. Nafuu iliyoonekana ililetwa na mapumziko aliyopewa baada ya kuchomwa.

Siku hizi daktari akiona kwa altrasaundi kuwa damu imejikusanya katikati ya kano, huweza kuipasua kidogo kwa kisu chembamba, kwa kufuata mwelekeo wa nyuzi, ili damu itoke. Upasuaji mwingine, ulioenezwa Marekani katika miaka ya 1980, hukata ligamenti inayoishikilia kano kwenye mfupa juu ya goti ili mzigo ugawanywe upya. Huo madaktari bado wanabishana juu yake, kwani baadhi ya tafiti zimeonesha kuwa mzigo unaoondolewa mahali pamoja huangukia pengine. Ipo pia tiba ya kudunga seli shina zinazotolewa katika uboho wa farasi mwenyewe, ambayo gharama yake huifanya kuwa tiba ya farasi wa thamani kubwa.

Jeraha linalomhusu mfugaji wa kawaida zaidi ni la kukatwa na waya, bati au jembe. Hapa mahali palipokatika ndipo panapoamua mengi. Kano za mbele zikikatika, mnyama hujikwaa na kukunja kwato, lakini kwa kusafishwa vizuri na kufungwa banzi wengi hupona hata bila kano kushonwa. Za nyuma ni jambo zito. Ikikatika ile ya karibu na ngozi, kifundo hushuka kidogo. Ikikatika na ile ya ndani, ncha ya kwato huinuka juu mnyama anapokanyaga. Kifundo kikigusa ardhi, ligamenti inayokitegemeza nayo imekatika, na matumaini huwa madogo.

Upasuaji wa kano za nyuma hufanywa kwa nusukaputi katika mazingira safi. Daktari huondoa nyama iliyokufa, huosha jeraha kwa maji mengi ya chumvi yaliyotakaswa, kisha huunganisha ncha mbili za kano kwa uzi imara unaopitishwa kwa mizunguko mitatu, kila mmoja katika pembe yake, ili uzi usichane nyuzi za kano. Uzi huo peke yake hauwezi kuhimili uzito wa farasi wa kilo 500. Kinachohimili ni plasta ngumu, ambayo kwa kawaida hukaa wiki sita hadi nane, na baadaye kiatu kilichoinuliwa kisigino. Nusukaputi yenyewe ina hatari: tafiti kubwa za kimataifa zimeonesha kuwa takriban farasi mmoja katika kila 100 hufa baada ya kulazwa, hata kwa upasuaji usiohusu tumbo, na baadhi huvunjika mguu wanapojaribu kusimama.

Adui mkubwa zaidi ni uchafu. Kano hupita ndani ya ala yenye ute, na vijidudu vikiingia humo usaha huiharibu kano kwa siku chache. Kwa hiyo saa za kwanza ni za mwenye mnyama. Asimtembeze. Akandamize jeraha kwa kitambaa safi na kulifunga. Asipake majivu wala oili chafu. Ikiwa kano za nyuma za mguu wa mbele ndizo zilizokatika, afunge ubao mbele ya mguu, kwato ikielekezwa chini, ili ncha za kano zisizidi kuachana. Kinga ya pepopunda isisahauliwe, kwani farasi na jamaa zake hudhuriwa na ugonjwa huo kuliko karibu mifugo yote. Kiswahili kimeuita kwa jina la punda.

Nchini Tanzania farasi ni wachache, lakini punda anayebeba maji na mazao ana kano zilizopangwa vilevile. Chini ya Sheria ya Veterinari Na. 16 ya mwaka 2003, tiba ya aina hii ni kazi ya wataalamu waliosajiliwa, na Sheria ya Ustawi wa Wanyama Na. 19 ya mwaka 2008 inamtaka mwenye mnyama amwepushe na mateso yasiyo ya lazima. Pale ambapo kifundo kimegusa ardhi na hakuna uwezo wa upasuaji, kumlaza mnyama kwa njia ya kitaalamu ni sehemu ya wajibu huo.

Kwa aliyeshonwa, kazi ndefu huanza plasta inapotolewa. Mwili hujaza pengo kwa kovu ambalo nyuzi zake ni dhaifu na hazijapangika, na huchukua mwaka au zaidi kulipanga upya. Mnyama huanza kwa kutembezwa dakika chache kwa siku, akishikwa kamba, na muda huongezwa kidogo kidogo. Kuchechemea hukoma miezi mingi kabla kano haijawa imara, na hapo ndipo wengi hurudishwa kazini na kukatika tena mahali palepale.